Ndege ya Vita Iliyofukizwa Udi

Siku ile tulikuwepo sita karakanani Rusayl, nje kidogo ya Maskati. Nawataja wote mapema, maana kisa hiki kimeshapata mashahidi wengi kuliko watu ambao karakana ile ingeweza kuwachukua. Alikuwepo Mzee Khalfan, fundi aliyenifundisha kazi. Alikuwepo Bwana Amour, mwenye karakana, na mama yake, Bi Zuhura, aliyekuja na halua, birika la kahawa na chetezo cha udi. Alikuwepo Bwana Hilal, mteja wetu, mtu mwenye heshima zake na tumbo lake. Alikuwepo Sanyu, msichana wa Uganda aliyeajiriwa kupika na kusafisha, akaishia kufanya kazi nyengine kabisa. Na mimi, Suleiman, mpiga bati. Wa saba ilikuwa ndege ya Mjerumani, lakini hiyo haikukaribishwa kahawa.

Nyinyi vijana mnaoanza ufundi mmeniomba nikuandikieni niliyojifunza. Niliyojifunza mengi yamo mikononi na hayaandikiki. Lakini haya ya ndege yanaandikika, na nnataka myajue kutoka kwangu kabla hamjayasikia kwa yule muuza matairi wa jirani, ambaye siku ile alikuwa Nizwa, mji mwengine kabisa.

Kwanza, ndege yenyewe. Inaitwa Hs 129. Wajerumani waliitengeneza kupigia vifaru vya Warusi, na vita vilipokaribia kuwamaliza wakaifunga chini ya tumbo mzinga mkubwa kiasi ambacho mtu mwenye akili angeuweka kwenye meli. Ilikuwa na injini mbili, tena za Kifaransa, na chumba cha rubani kilichozungushiwa chuma kizito ili risasi zisiingie. Risasi hazikuingia, kweli, lakini na rubani naye aliingia kwa shida. Kile chumba kilikuwa chembamba hata saa za injini zilikosa nafasi ndani, zikabandikwa nje, ubavuni mwa injini zenyewe. Rubani akitaka kujua mafuta yana joto gani, anachungulia dirishani kama bibi anayemtazama jirani.

Niliwahi kumwambia Mzee Khalfan kwamba aliyeichora ndege ile alimchukia sana Mrusi. Akanijibu, "Alimchukia zaidi rubani wake."

Mtauliza, na mmoja wenu ameshaniuliza kwa ukali, kwa nini tutengeneze ndege ya watu wale, waliokwenda kuvamia nchi za wenzao na kuua bila hesabu. Mwanangu, sisi tulitengeneza sanamu yake, haina injini ya kweli wala mzinga wa kweli. Mzinga wetu ulikuwa bomba la maji machafu lililopakwa rangi. Bwana Hilal alikuwa anajenga ukumbi wa kuonyeshea mashine za vita vya zamani, na kifaru cha Kirusi alishakipata. Sasa alitaka na adui wa kifaru.

Sanyu naye aliniuliza, siku ya kwanza alipotuletea chai na kuzikuta mbavu za ndege zimesimama katikati ya karakana.

"Mzee Sele, hii kitu ilikuwa inapigana na nani?"

"Na Warusi."

"Ilishinda?"

"Ingelishinda isingelikuwa hapa."

Akaitazama kuanzia pua hadi mkia. "Basi na sisi tunatengeneza ile imeshindwa? Hakuna ya mshindi?"

"Ya mshindi ni ghali," akasema Mzee Khalfan.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinatukaa rohoni. Karakana yetu kazi yake ya asili ilikuwa kuunda mabodi ya mabasi na malori ya samaki. Kazi ile ilikuwa imekufa. Siku hizi basi linakuja kutoka nje limeshakamilika, mpaka mapazia. Bwana Amour alituambia wazi: Bwana Hilal akiichukua ndege hii, kuna nyengine nyuma yake, karakana inaendelea. Akiikataa, yeye Amour anafunga karakana na kukabidhi funguo. Mzee Khalfan macho yake yalikuwa yameanza kufifia, na hakuna mwengine angemchukua. Mimi sikuwa na cheti. Skuli niliiacha wazazi wetu walipofuatana kufa, mimi mkubwa, wadogo watatu nyuma yangu, na tangu hapo cheti changu ni Mzee Khalfan kusema "huyu anajua". Sanyu kibali chake kilikuwa kwa jina la Bwana Amour. Karakana ikifungwa, ndege yake yeye ni ya kurudi Entebbe.

Kwa hivyo msicheke haraka.

Lakini kabla ya siku yenyewe, nikufundisheni kitu kimoja cha kazi, bila hicho hamtaelewa kilichofuata. Ribiti, ule msumari mfupi wa kuungia mabati, haipigwi na mtu mmoja. Mabati mawili yanatobolewa, ribiti inapenyezwa, wewe unaipiga kichwani kwa nje, na mwenzako yuko upande wa ndani amekandamiza pande la chuma kwenye mkia wake, ili mkia upondeke na kushika. Nyinyi wawili hamwonani. Kuna bati baina yenu na kelele za kuzimu. Kwa hivyo mnasemezana kwa kugonga. Wa ndani akigonga mara moja, piga tena. Mara mbili, imekaa. Mara tatu, imeharibika, itoe.

Mzee Khalfan alinifundisha hodi hizo ndani ya basi la skuli. Siku ya kwanza nilijifanya najua kuliko chuma, nikawa nagonga mara mbili kila ribiti, imekaa, imekaa, imekaa, ili tuwahi kwenda kula. Jioni akaniita nje, akashika pembe ya lile bati kwa vidole viwili, akalivuta. Likatoka lote kama ganda la ndizi. Hakunipiga. Akaniambia, "Suleiman, wadogo zako wamo ndani ya basi hili." Hawakuwemo, walikuwa nyumbani kwetu, mtaa wa Hail, wanapigania mkate. Lakini tangu siku ile sikugonga mara mbili uongo.

Sasa ile pua ya Hs 129 ilikuwa nyembamba mno. Wa nje nilikuwa mimi. Wa ndani hakupatikana. Tulijaribu kila fundi. Mmoja aliingia mpaka kiunoni, tukamtoa kwa kumvuta miguu na sabuni. Sanyu alikuwa amesimama na sinia lake anacheka mpaka vikombe vinalia.

"Nyie wote mnakula wali mingi! Nipe hiyo chuma."

"Hii si sufuria, binti," nikamwambia.

"Sufuria ni nzito kuliko hii. Yalla, nionyeshe."

Akajikunja, akapita kwenye tundu la tumboni, pale mzinga unapofungwa, akapotea. Nikapenyeza ribiti, nikaipiga. Ikasikika hodi moja kavu: piga tena. Nikapiga. Mbili. Mzee Khalfan akasogea, akaipapasa ile ribiti kwa kidole gumba, maana gumba lake lilikuwa linaona kuliko macho yake, akasema, "Chakula cha mchana tutanunua mkahawani. Huyu asirudi jikoni."

Tukaijenga ndege hivyo, mimi nje, yeye ndani. Mzee Khalfan alimshauri Bwana Hilal mara mbili tuongeze upana wa kile chumba, japo upana wa kiganja, hakuna atakayejua. Bwana Hilal akakataa.

"Nataka asili, Mzee Khalfan. Kama ilivyo kwenye mchoro. Sitaki ndege ya kubembelezwa."

"Asili yake ni nyembamba, bwana."

"Na iwe."

Basi ikawa.

Ikafika siku ya kukabidhi, alasiri. Ndege imesimama, rangi yake ya kijani na kijivu imekauka, sisi tumevaa kanzu safi kama wenye harusi. Bi Zuhura akaingia, akanusa, akashika pua.

"Amour! Unamkalisha mgeni humu? Mnanuka gundi hapa mpaka barabarani!"

"Mama, ni ndege. Ndege zinanuka."

"Mgeni wangu hakai penye harufu ya gundi. Aliyenizaa hakunilea hivyo."

Nyinyi mliolelewa nyumba za Kizanzibari hapa Maskati hamhitaji kuelezwa. Nguo inafukizwa, chumba kinafukizwa, bibi harusi anafukizwa, mgeni anapewa chetezo ajifukize ndevu kabla ya kwenda zake. Kwa nini ndege ya vita iachwe? Bi Zuhura akatia makaa, akatia udi wake mzuri, ule wa sikukuu, akaniamuru nimshikie ngazi, akakiweka chetezo chini ya kiti cha rubani. Kisha akavuta kile kifuniko cha kioo, moshi ukolee vizuri, kama anavyofunika nguo juu ya tundu la kufukizia.

"Dakika chache tu," akasema, "kisha n'takitoa."

Na angekitoa. Lakini Bwana Hilal akafika kabla ya wakati wake, na sisi tuna maradhi yetu ya salamu. Hujambo, watoto hawajambo, nyumbani hawajambo, mzee wenu anaendeleaje na goti. Bi Zuhura akamuuliza kwao wapi huko Pemba. Wete. Wete ya wapi? Ikadhihirika bibi yake Bwana Hilal alimnyonyesha shangazi yake Bi Zuhura, kwa hivyo hawa ni ndugu, kwa hivyo salamu zikaanza upya kutoka juu. Kwenye ule undugu chetezo kikasahauliwa na watu watano wazima.

Bwana Hilal akapanda ngazi. Nikamfungulia kioo, moshi ukamvaa usoni wingu zima.

"Mashallah!" akasema. "Mpaka moshi wa vita mmetia!"

Hakuna aliyemsahihisha, maana alikuwa amefurahi. Akaingiza mguu mmoja, wa pili, akageuza mabega upandeupande, akashuka, akashuka tena, na tukasikia sauti kama kizibo kinaporudi kwenye chupa. Akakaa. Vile vyuma vya ubavuni vikamshika nyonga huku na huku.

"Saa za injini ziko wapi?"

"Chungulia nje, bwana. Ubavuni mwa injini."

Akachungulia, akacheka kicheko cha mtoto. Bwana Amour akaanza kutabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwezi uandame. Bwana Hilal akashika fimbo ya kuongozea, akawapiga Warusi wawili watatu kwa mdomo, tu-tu-tu, kisha akatulia.

"Amour."

"Labeka, bwana."

"Mmeweka hita kwenye kiti?"

Tukatazamana.

"Ya Rabbi," akasema Bi Zuhura polepole, "chetezo changu."

Bwana Hilal akajaribu kusimama, ndege nzima ikasimama naye, magurudumu yakanyanyuka na kutua. Yeye hakutoka. Mimi na Bwana Amour tukamshika makwapa, tukavuta. Akapiga kelele, kwa sababu kila akijinyanyua, vyuma vinambana zaidi, na akirudi chini, chini kunawaka. Akaanza kusoma kila dua anayoijua kwa sauti ya kusikika Nizwa, na huenda ndivyo yule muuza matairi alivyopata habari.

Bwana Amour akaruka akachukua grainda. "Nakata! Nakata ubavu wote!"

"Weka chini!" Mzee Khalfan alinguruma. Katika miaka yote sikuwahi kumsikia akimpandishia sauti tajiri wake. "Cheche humo, na paja lake limebanana na bati? Unataka kumchoma huku na huku?"

Alikuwa sahihi. Palikuwa hapana njia ya juu. Na nilipogeuka kumtafuta Sanyu, niliona miguu yake tu, ikiishia kwenye tundu la tumboni, bomba la mzinga limesukumwa kando.

Tukamsikia anatambaa mle ndani, na dua zinaendelea juu yake. Kisha tundu likatoa mkono, na mkononi mna kile chetezo, kimekamatwa kwa mkono mtupu, udongo ule umeiva kwa moto. Mzee Khalfan akakipokea kwa kilemba chake. Mkono haukubaki nje kupoa. Ukarudi ndani.

Bwana Hilal akashusha pumzi. "Alhamdulillahi." Lakini bado alikuwa amekwama, na kiti bado kina moto wake, na uso wake ulikuwa umegeuka rangi nisiyoipenda. Mtu mnene akibanwa kifua na hofu, huna muda mwingi.

Basi nikasikia hodi. Ubavu wa kulia, chini kidogo ya goti la Bwana Hilal. Mara tatu.

Itoe.

Alikuwa anajua kila ribiti ya ubavu ule, kwa sababu kila moja aliishikia yeye. Nikachukua drili, nikaiweka pale pale alipogonga, nikaing'oa. Hodi tatu nyengine, nafasi kidogo mbele. Pale asipogonga sikugusa, maana nyuma yake palikuwa na paja la mtu. Kila nikitoboa alikuwa ameingiza lile pande la chuma, aliloingia nalo, baina ya ncha ya drili na Bwana Hilal, nnahisi inagota. Mimi simwoni, yeye hanioni, na huyo wa katikati anasema, "Mnaniua, mnaniua," kwa Kiarabu na Kiswahili kwa zamu.

Kwenye ribiti ya mwisho bati likafunguka lenyewe, pah, kama mlango uliopigwa teke. Bwana Hilal akatoka juu kama aliyerushwa, tukamdaka mimi na Bwana Amour, tukaanguka wote watatu.

Akasimama. Nyuma ya kanzu yake palikuwa na duara limeungua, ukubwa wa kifuniko cha sufuria. Ngozi ilikuwa nyekundu tu, alhamdulillahi. Bi Zuhura akavua kanga yake ya mabegani bila neno, akamzungushia kiunoni, akaifunga fundo. Bwana Hilal mwenye ukumbi wa vifaru akabaki kavaa kanga ya maua.

Mzee Khalfan peke yake akaenda kwenye birika, akammiminia kahawa, akampa kikombe kwa mkono wa kulia kama desturi.

Mnajua mambo ya kikombe hapa. Mgeni akimaliza, akikitikisa, basi, ametosheka, anaondoka. Tulikuwa tunakitazama kile kikombe kama mahakama. Akanywa. Akakishika mkononi. Akaitazama ndege, ubavu wake wazi, ribiti zimetapakaa chini.

"Nani aliyesema tufuate asili?" akauliza.

"Wewe, bwana," akasema Mzee Khalfan.

Kikombe hakikutikiswa. Kikanyooshwa, kijazwe.

Alikunywa vikombe vingi siku ile, tena kwa kusimama. Akasema ndege anaichukua, na ubavu wa kulia usirudishwe, uachwe wazi, watu wa ukumbini waone jinsi rubani wa watu alivyokuwa akiteseka. Akasema atatuletea mchoro mwengine, na safari hii Mzee Khalfan ndiye atakayeamua upana. Bwana Amour alikwenda nyuma ya lori la samaki akalia. Funguo zilibaki mfukoni mwake, na zimo mpaka leo.

Bwana Hilal alimpa Sanyu zawadi ya maana, hilo ni lao. Lakini mimi nilimkuta jikoni baadaye, mkono wake kwenye beseni la maji, kiganja kimefura malengelenge, anasubiri gari la kumpeleka kliniki.

"Ahsante, Sanyu," nikamwambia.

"Ahsante ni maneno. Mimi unanidai, ama mimi nakudai?"

"Wewe unanidai."

"Khalas. Mimi ni wa kwanza kwetu, mzee. Wadogo wanne, mama na baba walishaenda. Nikijenga nyumba yetu Masaka, bati utapiga wewe. Si fundi wa hapo kijijini. Wewe."

"Inshallah," nikasema.

Akatoa mkono majini, akaninyooshea kile kiganja. "Si hiyo inshallah. Hiyo ni ya madam wa nyumba ya kwanza nilifanya kazi, maana yake hapana."

Nikamwambia, "Naahidi."

Sikuwa na haja ya kuambiwa mara mbili mtoto wa kwanza anataka nini na paa. Tulifanya kazi pamoja tena, ndege nyengine mbili, pana, na kiganja kikapona kikiwa na kovu. Kisha Sanyu akarudi kwao kujenga, na mimi nikastaafu, na Mzee Khalfan akatangulia mbele ya haki akiwa bado ameajiriwa, kama alivyotaka.

Nyumba za mtu anayelea wadogo zinapanda polepole, kozi hii ya matofali mwaka huu, kozi ile mwaka ujao. Juzi akanitumia picha. Kuta zimefika kwenye lenta, juu ya milango. Chumba kimoja kimefunikwa turubai, na wale wadogo wanalala humo, mvua ikija wanasogeza magodoro huku na huku.

Wadogo zangu mimi, watu wazima sasa, na wawili wana ofisi, wanasema, "Kaka, tuma pesa kwa hawala, watapata fundi huko huko." Nawaambia hakuniomba hawala. Daktari anasema goti langu halipandi paa. Nilimwambia Sanyu hivyo kwenye simu, nikitegemea atanihurumia.

"Basi njoo ukae chini uwatukane mafundi," akasema. "Hiyo unaijua vizuri."

"Hukuomba matusi. Uliomba nipige bati."

"Ni kweli. Niliomba hiyo."

Kila asubuhi, baada ya sala, naegemeza ngazi kwenye ukuta wa nyumba yangu hapa Hail na kupanda, kulizoesha goti paa la Masaka. Jirani anadhani natengeneza tangi la maji. Jana nilifika nusu, goti likakataa, nikashuka. Mvua za kwao zinaanza karibuni, na nyumba ya Sanyu haina bati.